Namna ya kukabili ubaguzi chuoni na kumwelewa mwenzako wa kabila jingine: mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa Tabora

Nimelea wanafunzi wa bweni hapa Tabora kwa miaka mingi. Kila mwaka wa masomo unapoanza, kati ya Oktoba na Novemba, naletewa shauri lile lile: "Rumeti wangu ananisema kabila langu, nifanyeje?" Wengine wanalileta kutoka upande wa pili: "Nilimtania mwenzangu akanuna, sasa wiki ya pili hatusemeshani." Wote hao wanakuja wakiwa wameshajaribu kitu. Wamegombana, wamenyamaza, au wamehama chumba, na shida imebaki pale pale.

Nami nilishindwa kabla ya kujua. Asubuhi moja ya Juni, ile baridi yetu ya kukausha midomo, binti mmoja wa Kasulu aliweka mawese yake dirishani kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu. Yalikuwa yameganda nusu: chini rangi ya chungwa iliyopauka, juu wekundu unaong'aa. Alitaka jua liyayeyushe aungie maharage. Mwenzake akaziba pua kwa kanga akasema, "Chumba chote kinanuka Kigoma." Wenzao wawili wakacheka. Yule binti hakujibu. Alifunga kifuniko, akaivingirisha chupa kwenye gazeti, akaisukuma chini ya kitanda nyuma ya ndoo. Tangu siku hiyo akawa anakula kwa mama ntilie nje ya geti, wakati fedha yenyewe hana.

Niliposikia, niliita kikao cha bweni zima. Niliongea karibu saa nzima juu ya umoja wa Watanzania, na muda wote huo wasichana 80 walikuwa wanamwangalia yeye. Siku ya tatu alihama. Mzigo wake niliubeba mwenyewe hadi getini, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kikao changu ndicho kilichomuumiza kuliko lile neno la mwanzo.

Hatua zinazofuata zimetokana na pale. Zimejaribiwa kwenye vyumba vya vitanda vinne, kwenye vikundi vya masomo na kwenye magrupu ya WhatsApp. Zinafaa kwa anayebaguliwa, kwa aliyebagua, na kwa yule aliyekuwepo akacheka kwa kuwa wengine walicheka.

## Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Daftari dogo ambalo hakuna mwingine atakayelisoma.
- Mtu mmoja. Usianze na kabila, dini wala grupu zima. Anza na huyo mnayelala chumba kimoja au mnayekaa dawati moja.
- Muda wa nusu muhula hivi, wiki 6 hadi 8. Anayetaka iishe wikiendi moja ataharibu.
- Sufuria, mwiko, na mahali chuo kinaporuhusu kupika. Kama bwenini jiko limekatazwa, tafuteni rafiki aliyepanga geto mtaani.
- Shilingi elfu chache za chakula, nusu kwa nusu.
- Sheria ndogo za chuo, ile karatasi uliyosaini siku ya usajili bila kuisoma. Itafute.

## Hatua ya 1: Andika unachokiamini, peke yako

Chora mistari upate safu tatu. Safu ya kwanza andika unachokiamini kuhusu watu wa kabila, dini au nchi fulani. Andika vile vile kilivyo kichwani, bila kukipaka rangi: Waha wachawi, Wasukuma washamba, Wachaga wanapenda hela, Wakongo waongo, walokole wanafiki. Safu ya pili andika ulikisikia wapi. Safu ya tatu andika mtu unayemjua wewe mwenyewe aliyekufanyia hicho kitu.

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba huwezi kumsahihisha mwenzako kwa jambo ambalo na wewe unalo. Atakunusa. Wanafunzi wengi niliowapa zoezi hili wanajaza safu ya kwanza dakika tano, ya pili wanaandika "nyumbani" au "kwenye basi", na ya tatu inabaki nyeupe.

Tahadhari: usimwonyeshe mtu daftari hilo, hata huyo unayetaka kumwelewa. Kumsomea mtu matusi uliyokuwa unayawaza juu ya watu wake kunakutua mzigo wewe na kumtwika yeye.

Utajua umefaulu utakapokuta mstari mmoja uliouamini tangu utotoni na huna hata jina moja la kuuthibitisha. Uwekee alama. Ndio utakaoufanyia kazi.

## Hatua ya 2: Tenga utani na dharau

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tabora ni nchi ya utani. Wanyamwezi waliobeba mizigo ya misafara kwenda pwani waliacha watani njia nzima, na mpaka leo Mnyamwezi akikutana na Mzaramo hawahitaji wa kuwatambulisha. Msukuma na Mnyamwezi ndio usiseme. Kwa hiyo anayekuja na kanuni ya "chuoni ni marufuku kutaja kabila" atachekwa, na ana haki ya kuchekwa. Utani ni mali yetu.

Lakini utani una masharti. Mtani anayekuita mla panya leo ndiye atakayefika kwenu msibani akamwigiza marehemu, azuie jeneza mpaka apewe chochote, na dakika hiyo hiyo ashike jembe achimbe kaburi. Kejeli zake amezilipia. Yule wa chumbani kwako anayekusema kila siku, ukiugua malaria hata maji hakuchotei, huyo si mtani wako. Amechukua neno la utani akaacha kazi yake.

Jiulize mambo haya neno linapotoka.

Je, aliyesemwa anajibu? Utani ni mchezo wa kurudishiana. Kama mmoja anasema na mwingine anainamia simu, mchezo umeshakwisha, hata kama anatabasamu. Tabasamu la mtu aliye mmoja kati ya wanne si ruhusa.

Neno lenyewe linagusa nini? Kumtania mtu kwa chakula, lafudhi au maringo ya kwao ni jambo moja. Kumwita mchawi, mkimbizi au mchafu ni shutuma. Kanda yetu hii ya magharibi na ziwa bibi wazee wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, na wekundu ule ni wa moshi wa kuni na samadi walioupulizia maisha yao yote. Kwa hiyo "mchawi" si neno la kuchezea hapa. Kuna familia limeingia na panga.

Vivyo hivyo kwa mwenzako mwenye ualbino. Mtu akimwita "dili", huko si kutania wala kukosea ulimi. Ni kumkumbusha kwamba wapo wanaouza viungo vya watu kama yeye. Hilo halisubiri hatua yoyote ya mwongozo huu. Nenda moja kwa moja hatua ya 8, siku hiyo hiyo.

Na mwisho, linasemwa mbele ya nani? Watani wa kweli wanasemana hata wakiwa wawili. Linalosemwa pale tu wasikilizaji wanapokuwepo, shabaha yake ni hao wasikilizaji.

Umefaulu hatua hii ukiweza kumweleza mtu, kwa sentensi moja, kwa nini neno la jana lilikuwa sawa na la leo si sawa, ingawa aliyesema ni yule yule.

## Hatua ya 3: Sema, kwa ufupi, halafu umalizie faragha

Neno la dharau likitoka, una kama dakika moja. Ikipita, kila mtu ameshaandika moyoni kwamba hapa jambo hili linaruhusiwa.

Sema sentensi moja tu. Hizi nimeziona zikifanya kazi:

"Hapo mimi sijacheka."

"Unamjua nani aliyefanya hivyo?"

"Hebu rudia, sijaelewa ulichomaanisha." Hii ina nguvu kuliko unavyodhani. Mtu akilazimika kulirudia tusi polepole, anasikia mwenyewe linavyonuka.

Kisha badilisha mazungumzo. Usimalizie pale. Mtu akibanwa mbele ya wenzake anatetea heshima yake, na ataitetea kwa kulishikilia lile lile neno alilokosea. Jioni, mkienda kuchota maji au mkirudi maktaba, mwambie wawili tu: "Lile la mchana lilimuuma fulani. Nakuambia wewe kwa sababu najua unaelewa." Mpe njia ya kurudi.

Usimwite "mbaguzi". Ukisema kitendo atajadili kitendo. Ukimpa jina atapigania jina. Na usimsemee aliyetukanwa akiwa pale pale, ukamnyooshea mkono kama ushahidi. Nilishawaambia nilivyofanya mimi na wasichana 80.

Kwa wewe uliyetukanwa: si kazi yako kumfundisha kila mtu. Kuna siku utajibu, kuna siku utachukua ndoo yako uondoke. Zote ni sahihi.

Kwenye grupu la WhatsApp, andika mstari mmoja, "Hii tuiondoe, inawagusa wenzetu humu," halafu mfuate inbox. Piga skrinishoti kabla haijafutwa, uihifadhi bila kuisambaza. Mkumbushe pia, kwa upole, kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumtukana mtu mtandaoni kwa rangi, utaifa, asili au dini yake. Wengi hawajui kabisa kwamba sheria hiyo inawahusu.

Na kama aliyekosea ni wewe? Omba msamaha kwa kulitaja kosa. "Nilisema chumba kinanuka Kigoma. Nilikukosea, naomba unisamehe." Acha ile ya "kama nimekukwaza". Hiyo inamrudishia yeye kesi, kana kwamba tatizo ni wepesi wake wa kukwazika.

Mafanikio ya hatua hii ni madogo: mara ya pili neno linaanza kutoka, mwenyewe anakuangalia, analikatisha.

## Hatua ya 4: Uliza, lakini uliza kuhusu kwao, usiulize kuhusu "ninyi"

Swali linaloanza na "kwa nini ninyi Waha..." limeshamgeuza mwenzako msemaji wa mkoa mzima. Atafunga mlango. Swali la "nyumbani kwenu mnafanyaje..." linamwacha awe mtoto wa mama yake, na juu ya mama yake ana mengi ya kusema.

Anza na salamu. Kama yeye ni wa huku na wewe ni mgeni, mwamkie asubuhi "Mwangaluka" uone uso utakavyofunguka. Kama yeye ni wa Kigoma, mwombe akufundishe salamu yao, na uikosee mbele yake bila aibu. Mtu anayekusahihisha salamu ameshakuwa mwalimu wako.

Halafu maswali ya kawaida: Mgeni akija kwenu anapewa nini kwanza? Mtoto anapewaje jina? Nani anakula na nani? Mkwe anasalimiwaje? Sikiliza bila kulinganisha. Ile "aa, hata sisi, ila sisi sasa..." ikirudiwa mara tatu, mazungumzo yamekuwa yako.

Jambo moja la kujua mapema hapa Tabora. Kiha, lugha ya Waha wa Kigoma, na Kirundi ni lugha za karibu sana, na kwa sababu hiyo wanafunzi wa Kasulu, Kibondo, Buhigwe na Kakonko wanaitwa Warundi na watu ambao hawajafika hata Uvinza. Halafu wapo wenzetu wa Ulyankulu, wilaya ya Kaliua, ambao wazazi au babu zao walikimbia Burundi mwaka 1972. Zaidi ya watu 162,000 wa makazi yale ya zamani ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo walipewa uraia wa Tanzania. Mwanafunzi aliyezaliwa Ulyankulu akasoma Ulyankulu, ukimwita mkimbizi, umemkosea kwa adabu na umekosea kwa ukweli.

Tahadhari: usiulize vita, kambi, wala waliokufa. Hata kama una huruma. Hayo anayaleta mwenyewe, mwezi wa tatu au mwaka wa tatu, au asiyalete kabisa.

Umefaulu siku atakapokuuliza na yeye swali.

## Hatua ya 5: Pikeni pamoja

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Watu wanaona ni mchezo. Badala yake chuo kinaandaa usiku wa tamaduni: ngoma, vibuyu, kaniki, kila kabila dakika kumi jukwaani, picha zinapigwa, na kesho yake Waha wanakaa na Waha kantini. Kumtazama mtu akicheza hakukufundishi kuishi naye.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, aliandika mwaka 1954 kwamba watu wa makundi mawili wakikutana tu chuki haipungui. Inapungua zaidi wanapokuwa na hadhi sawa pale walipo, wanapofuatia lengo moja, wanapolazimika kushirikiana kulipata, na wenye mamlaka wanapounga mkono. Nikisoma masharti hayo manne naona jiko. Mna njaa wote, sufuria ni moja, hakuna bosi, na matroni ameruhusu.

Fanyeni hivi. Wiki ya kwanza anaongoza mmoja, wiki ya pili mwingine. Anayeongoza anapanga chakula cha kwao; mwingine anachambua, anaosha, anakoroga, hasimami mlangoni na simu. Gharama nusu kwa nusu.

Tuseme anaanza wa Kigoma. Mawese ukiyatia sufuriani yawashie moto mdogo. Usikimbilie. Yakipata joto yanalegea, wekundu unapoa kidogo, na ile harufu iliyomfanya mwenzako azibe pua inageuka: inakuwa nzito, tamu, karibu na ya karanga zinazokaangwa. Hapo tia kitunguu, kisha dagaa waliooshwa kwa maji ya moto, au maharage yaliyochemshwa, na chumvi. Moto ukiwa mkali mno moshi utajaa chumba kizima, na hapo kweli mtagombana. Ugali wa muhogo uwe umeshaiva, maana mboga hii hailiwi ikiwa imepoa.

Wiki inayofuata ni zamu ya Unyamwezi: nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yalowekwe kwanza, yachemshwe mpaka yalainike, kisha yaungwe kwa karanga zilizotwangwa. Matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, mtatafuna wakati mnasubiri. Mpe mwenzako mchi atwange. Mkono ukichoka ataanza kukuuliza nani hutwanga kwenu, na bibi yako anaishi wapi, na hapo hatua ya 4 inajiendesha yenyewe.

Tahadhari ni mbili. Ulizeni kabla ya kwenda sokoni: yupo asiyekula nguruwe, yupo aliyefunga, yupo asiyekula samaki fulani kwa mwiko wa ukoo. Na usionje kwa uso wa kumeza dawa. Kama hukipendi, sema "hiki sijakizoea," ule kingine. Sijakizoea ni neno la heshima. Kibaya si neno la heshima.

Utajua imefaulu pale mtakapobishana kuhusu chumvi kama ndugu, au mmoja atakapokomba sufuria bila kuombwa.

## Hatua ya 6: Gawaneni masomo vipande

Vikundi vya majadiliano kwa kawaida vinajipanga kwa walikotoka, na mwenye lafudhi nzito anakaa kimya. Mwalimu mmoja wa saikolojia, Elliot Aronson, alipambana na shida kama hii mwaka 1971 huko Austin, Texas, shule zilipochanganya watoto weusi, weupe na wa asili ya Meksiko. Aligawa somo vipande, kila mtoto akapewa kipande chake peke yake, na bila kumsikiliza yeye wengine hawapati somo zima.

Mnaweza kufanya hivyo bila mwalimu. Mkiwa watano, gawaneni mada tano. Kila mtu asome yake na kuwafundisha wengine, na mwenye kusahihisha lafudhi ya mwenzake anyamazishwe na kiongozi wa kikundi. Jaribuni kwa mtihani mmoja wa majaribio.

## Hatua ya 7: Nenda kwao

Likizo ikifika, ukialikwa, nenda. Treni ya Kigoma inapita hapa hapa stesheni ya Tabora.

Beba sukari na sabuni, usiende mikono mitupu. Muulize mwenzako mapema namna ya kusalimia wazee: kwa Wanyamwezi na Wasukuma binti kupiga goti ni adabu, na kwa Waha salamu ni ndefu, watu wanashikana mikono mpaka juu ya viwiko, usichomoke kabla ya muda. Usipige picha jiko la watu. Ukipewa kiti kizuri na wengine wamekaa mkekani, kaa, umepewa.

Asiye na nauli aende msibani. Mwenzako akifiwa, changa kidogo ulichonacho na fika mwenyewe. Nimeona miezi mitatu ya kununiana ikiishia kwenye turubai la msiba.

## Hatua ya 8: Pale maneno yasipotosha

Kuna mambo ambayo hupiki nayo ugali. Mtu akitishiwa, akipigwa, akinyimwa kitanda au nafasi kwenye kikundi kwa kabila, dini au ulemavu wake, au mkufunzi akimdhalilisha darasani kwa asili yake, andika malalamiko.

Kwenye karatasi weka tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe kama yalivyosemwa, na majina ya waliosikia. Usiandike "ananibagua sana". Andika "tarehe hii, mbele ya chumba fulani, alisema maneno haya." Ambatisha skrinishoti kama ipo. Taja ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977, inayokataza kumbagua mtu kwa utaifa, kabila, mahali alipotokea, rangi, dini, jinsia au hali yake ya maisha, na taja kifungu cha sheria ndogo za chuo, ile karatasi niliyokuambia uitafute.

Nakala moja mpe matroni au patroni, ya pili mshauri wa wanafunzi, ya tatu baki nayo ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikuambia "sisi sote ni Watanzania, yaacheni," jibu kwamba ndiyo maana umeleta. Viongozi wa serikali ya wanafunzi waende nawe. Peke yako utazungushwa. Vitisho vya kuumizwa vipeleke polisi pia, bila kusubiri kikao cha chuo.

## Ukikwama

Mara nyingi watu wanakwama hatua ya 4: mwenzako hataki kuongea. Usimfuatefuate. Huenda ameshachoka kuulizwa na watu kama wewe. Acha wiki mbili, endelea kumsalimia kila asubuhi, mpishe kwenye foleni ya maji, mrudishie ndoo yake ikiwa safi. Kama bado, ruka uende hatua ya 6. Wapo wanaofungukia kwenye daftari la hesabu kabla ya kufungukia kwenye sahani.

Wakikwama hatua ya 3, tatizo huwa woga wa kusema peke yako. Tafuta mmoja mkubaliane kabla: mimi nikisema "sijacheka," wewe utaitikia "hata mimi." Wawili chumbani wanatosha. Siku ile ya mawese walikuwa wanne, na angetokea mmoja wa kusema na wa pili wa kuitikia, ile chupa ingebaki dirishani.